Mabasi Manane ya Hirola: Rekodi za Urithi wa Dunia kwa Kipimo cha Garissa

Tuanze na jedwali, kama ligi yoyote. Kufikia Julai 2025, Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikuwa na maeneo 1,248 katika nchi 170. Italia inaongoza kwa maeneo 61, China inafuata kwa 60. Afrika, Ethiopia na Afrika Kusini zimefungana kileleni, 12 kwa 12. Kenya ina 8, Tanzania 7, Uganda 3. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu zenye watu karibu milioni 2.5 kwa sensa ya 2019, zina sifuri. Hata jiwe moja!

Sifuri nayo ni rekodi, ila haitutoshi. Kwa hiyo nimezipanga rekodi kubwa za kulinda urithi duniani na kuzipima kwa vitu ambavyo mtu wa Galbet, hapa Garissa, anavijua bila kuelezwa. Kipimo cha eneo ni Kaunti ya Garissa, kilomita za mraba 44,000 na ushei. Kipimo cha watu ni Garissa mjini, watu 163,000. Kwa idadi ndogo ndogo tutatumia basi la Nairobi la viti 62, bila wa kusimama na bila mbuzi kwenye buti.

1. Kubwa kuliko yote

Taji hili liko mbali, karibu na barafu ya kusini. Ardhi na Bahari za Kusini za Ufaransa, visiwa na maji yanayovizunguka katika Bahari Hindi ya kusini, viliingia kwenye orodha mwaka 2019 vikiwa na kilomita za mraba 672,969. Kenya nzima, ukijumlisha na maziwa yake, ni kama 580,000. Itie Kenya yote humo, kuanzia Mandera hadi Vanga, na bado utabakiwa na nafasi ya kuweka Garissa nyingine mbili. Wakazi wa kudumu wa eneo lote hilo ni ngwini, sili na ndege wa baharini. Binadamu waliopo ni watafiti na wahudumu wao, nao huja kwa zamu na kuondoka.

Barani kwetu, mbabe wa ukubwa ni Aïr na Ténéré, jangwa la Niger lenye kilomita za mraba 77,360, sawa na Garissa moja na robo tatu. Jirani zetu Watanzania wana Selous, iliyoorodheshwa mwaka 1982 ikiwa na 50,000: Garissa yote ingelala ndani yake na kujinyoosha. Lakini Selous ina rekodi nyingine isiyopendeza. Mwaka 1976 ilikadiriwa kuwa na ndovu 109,000. Hesabu ya 2014 ikapata kama 15,000. Mwaka huo huo ikatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

2. Ziwa lenye kina kuliko yote

Ziwa Baikal, Urusi, mita 1,642. Jengo la KICC la Nairobi lina mita 105. Panga KICC moja juu ya nyingine hadi zifike 15, na bado ya juu kabisa itakuwa chini ya maji kwa mita 67. Kiwanda cha karatasi kilichokuwa kikimwaga taka ziwani kilifungwa mwaka 2013, miaka 17 baada ya ziwa kuorodheshwa. Ulinzi wa kimataifa hauna mbio.

Turkana yetu ina kina cha mita 109 pale panapozama zaidi, kiasi cha kuifunika KICC moja. Haifui dafu kwa kina, lakini ina taji lake: ndilo ziwa kubwa la kudumu kuliko yote yaliyomo jangwani. Hifadhi zake tatu, Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, ziliorodheshwa kuanzia 1997. Mwaka 2018 ziliwekwa kwenye orodha ya hatari kwa sababu ya bwawa la Gibe III lililojengwa Ethiopia, kwenye Mto Omo unaoleta sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa. Hapo wanapambana moja kwa moja bingwa mwenza wa Afrika kwa idadi ya maeneo na ziwa la jirani yake.

3. Mzigo mzito uliohamishwa

Mwaka 1960 UNESCO ilipiga mbiu: Bwawa Kuu la Aswan litazamisha mahekalu ya Nubia. Kati ya 1964 na 1968 wahandisi walilikata hekalu la Abu Simbel vipande zaidi ya 1,000, vingi vikiwa na uzito wa tani 20, vingine vikifika 30. Wakavipandisha mita 65 juu na kuvirudisha mita 200 nyuma ya pale vilipokuwa, kisha wakavipanga upya hivi kwamba mgeni hauoni mshono. Mita 65 ni mabasi matano ya mita 12 yaliyosimamishwa wima, moja juu ya jingine, na baki ya mita tano.

Gharama ilikuwa dola milioni 40 za wakati huo, na nchi kama 50 zilichanga. Ndiyo harambee ya mawe hasa! Kazi hiyo ndiyo iliyoipa dunia hamu ya kuwa na sheria moja, na Novemba 1972 Mkataba wa Urithi wa Dunia ukapitishwa mjini Paris. Kenya iliukubali mwaka 1991. Mfuko wa mkataba wenyewe ni mwembamba: kila nchi hulipa kiasi kisichozidi asilimia 1 ya ada yake ya UNESCO. Msomaji anayengoja mamilioni kutoka Paris ayasahau mapema.

4. Misikiti mingi ndani ya ukuta mmoja

Kwa ukanda huu hakuna wa kubishana na Harar. Mji huo wa mashariki mwa Ethiopia, unaojulikana na kila familia yenye jamaa ng'ambo ya Mandera, uliorodheshwa mwaka 2006. Ndani ya ukuta wake imehesabiwa misikiti 82, mitatu kati yake ikiwa ya karne ya 10, pamoja na ziara 102 za mawalii.

Lamu ndiyo mpinzani wetu wa karibu, tena kaunti yake inapakana na Garissa. Mji wa Kale wa Lamu una hekta 16 tu. Kwa viwanja vya mpira ni kama 22. Lakini ndio mji wa Waswahili wa zamani zaidi na uliohifadhiwa vizuri zaidi Afrika Mashariki, na watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Uliorodheshwa mwaka 2001, miaka mitano kabla ya Harar. Kwa wingi wa misikiti Harar inashinda, kwa kutangulia orodhani Lamu inashinda.

5. Aliyelazwa muda mrefu kuliko wote

Orodha ya urithi ulio hatarini ndiyo wodi ya wagonjwa mahututi, na Julai 2025 ilikuwa na maeneo 53. Mgonjwa wa siku nyingi kuliko wote ni Mji wa Kale wa Jerusalem na kuta zake, aliyelazwa mwaka 1982 na hajaruhusiwa. Kwa majirani zetu, Virunga ya Kongo imo tangu 1994. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa ya zamani zaidi Afrika, ya mwaka 1925.

Walioruhusiwa kurudi nyumbani nao wapo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia wodini 2004, zikatoka 2014: miaka kumi. Makaburi ya Kasubi, Kampala, yaliteketea usiku mmoja, tarehe 16 Machi 2010. Nyumba kuu ya nyasi, yenye upana wa mita 31, ikawa majivu. Kuijenga upya kwa ufundi wa Baganda wenyewe, na kuiondoa kwenye orodha ya hatari, kulichukua hadi 2023. Usiku mmoja dhidi ya miaka 13.

6. Kifungo cha kwanza kwa kubomoa makaburi

Timbuktu, mji wa wanazuoni wa Mali, ulikuwa na watu wapatao 54,000 katika sensa ya 2009, theluthi moja ya Garissa mjini. Mwaka 2012 wapiganaji waliouteka walibomoa makaburi ya mawalii kwa sururu na majembe, wakisema ni shirki. Raia na wasomi wa mji waliwazidi ujanja kwenye jambo lingine: walisafirisha kwa siri mamia ya maelfu ya hati za kale, kwa magari na kwa mashua, hadi Bamako.

Makaburi 14 yalijengwa upya kufikia Julai 2015, kwa udongo na kwa mikono ya mafundi wa Timbuktu wenyewe, fedha zikitoka nje. Kisha ikaja rekodi. Septemba 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ilimfunga Ahmad al-Faqi al-Mahdi miaka 9, naye alikuwa amekiri kosa. Hakuna aliyewahi kufungwa na mahakama hiyo kwa kosa la kuharibu urithi peke yake kabla yake. Mwaka uliofuata akatozwa fidia ya euro milioni 2.7. Hapa kwetu maalim wanabishana tangu zamani kuhusu kujengea makaburi, na mabishano hayo yana vitabu vyake. Hayahitaji sururu.

7. Wa kwanza kufutwa

Kuingia orodhani ni kazi, kufutwa ni aibu ya nadra. Wa kwanza duniani kufutwa ni Hifadhi ya Choroa wa Arabuni, Oman. Choroa huyo mweupe alitoweka kabisa porini mwaka 1972, akarudishwa Oman mwaka 1982 kutoka kwa waliofugwa, na hifadhi yake ikaorodheshwa 1994. Mwaka 1996 walikuwa 450, yaani mabasi saba na robo.

Kisha wakaja majangili, na serikali ikaamua kuikata hifadhi kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta na gesi. Kufikia 2007 choroa walikuwa 65: basi moja limejaa na watatu wamesimama. Jozi za kuzaa zilikuwa nne hivi. Kamati ya Urithi wa Dunia ikalifuta jina. Baadaye Dresden ya Ujerumani ikafutwa 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool ya Uingereza 2021 kwa sababu ya majengo mapya kando ya bandari. Tajiri hana kinga kwenye jambo hili, nami nakiri nililifurahia.

8. Swala adimu mno duniani

Haya sasa, kombe letu. Hirola, ambaye Wasomali humwita arawla, ni mmoja wa swala walio hatarini zaidi kutoweka duniani kote, na makao yake ya asili ni Garissa na kipande cha Somalia kilichopakana nayo. Idadi yao haifiki 500. Hirola wote wa dunia hii wangeenea kwenye mabasi manane hivi ya Nairobi!

Ukimwona hutamsahau. Rangi yake ni ya mchanga, pembe zake zimejipinda kama fremu ya kinubi, na mstari mweupe unapita kutoka jicho hadi jicho kama miwani. Chini ya kila jicho ana tezi nyeusi kubwa, basi kwa mbali hudhani ana macho manne. Kwenye jamii yake ya kisayansi, yaani jenasi, amebaki peke yake, hana ndugu. Akiisha, itakuwa mara ya kwanza katika zama hizi kwa jenasi nzima ya mamalia kutoweka katika bara la Afrika. Hiyo ni rekodi ambayo hatuitaki.

Miaka ya 1970 mwishoni, upande wa Kenya peke yake ulikadiriwa kuwa na hirola 14,000. Hayo ni mabasi 226, msafara wa kutoka stendi hadi nje kabisa ya mji. Miaka ya 1980 sotoka na ukame viliwapiga wakaporomoka vibaya sana. Sotoka yenyewe ilitangazwa kufutwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa baada ya ndui, na ngome yake ya mwisho ilikuwa ukanda huu huu wa Wasomali. Ugonjwa umekwenda, hirola hawakurudi. Kwa nini? Jibu ni la kushangaza: miti. Ndovu walipouawa, hakukuwa tena na wa kuing'oa, na ng'ombe nao walizidi kwenye nyasi. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti walikuta kwamba kati ya 1985 na 2012 miti katika malisho ya hirola iliongezeka kwa asilimia 251. Kwingineko duniani wahifadhi wanapanda miti, Ijara ya hapa Garissa wanaing'oa na kupanda nyasi.

Sasa tuje kwenye rekodi ninayoiona kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu. Mwaka 1963 hirola kadhaa walikamatwa na kupelekwa Tsavo Mashariki. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaja kuchukua wengine, likiwa na nia njema na helikopta. Wakazi wa Garissa wakaenda kortini. Wafugaji, watu wanaosemwa kila siku kuwa ni adui wa wanyamapori, waliishtaki serikali ili iwaachie swala wao! Kesi namba 2959 ya mwaka 1996 ilisikizwa Mahakama Kuu, na wakazi wakashinda. Mahakama iliona kwamba kazi ya shirika ni kumlinda mnyama pale alipo kwa asili yake, na kwamba watu wa ardhi hiyo wana haki juu ya kilichomo. Baadhi ya wanyama walikuwa wameshahamishwa, lakini waliobaki walibaki. Hadi leo wanafunzi wa sheria ya mazingira nchini husomeshwa kesi hiyo.

Linganisha na Oman. Kule kulikuwa na cheti cha dunia, serikali tajiri na mnyama mashuhuri, na hifadhi ikakatwa. Huku hakukuwa na cheti. Kulikuwa na Hifadhi ya Arawale iliyotengwa miaka ya 1970 na kuachwa bila ulinzi wa maana, na wazee waliokataa.

Walikataa kisha wakafanya. Mwaka 2007 jamii ya Ijara iliunda hifadhi yake, Ishaqbini. Mwaka 2012, kwa kushirikiana na KWS, Northern Rangelands Trust na wafadhili wa nje, wakazungushia hekta kama 3,000 uzio wa kuzuia simba, chui na duma, na kuingiza hirola 48. Hawajazi hata basi moja. Miaka michache baadaye walikuwa wamevuka mia. Mwanasayansi Abdullahi Ali, mzaliwa wa eneo hili aliyeanzisha Mpango wa Uhifadhi wa Hirola, akapata Tuzo ya Whitley ya mwaka 2020 kwa kazi hiyo ya nyasi na swala.

Ishaqbini ina kikombe cha pili. Mwaka 2017 video ya twiga mweupe na ndama wake, weupe wa kuzaliwa nao, ilizunguka dunia. Machi 2020 mifupa ya mama na ndama wake mwingine ikapatikana, majangili wameshapita. Akabaki dume mmoja tu mweupe, na Novemba mwaka huo akavalishwa kifaa cha setilaiti kwenye pembe. Kwa hesabu ya basi, huyo anakaa kiti cha dereva peke yake.

9. Foleni ndefu kuliko zote

Je, Kaskazini Mashariki itaingia lini kwenye orodha? Kwanza kila nchi hupeleka orodha ya majina yanayosubiri. Kwenye orodha ya Kenya, tangu 2010, limo Delta na Misitu ya Mto Tana. Delta yenyewe iko Tana River na Lamu, lakini maji mengi yanayoilisha hupita kwanza chini ya daraja la Garissa, na misitu ya kingo za mto ni makao ya mbega mwekundu wa Tana, mmoja wa nyani walio hatarini zaidi duniani. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu ikiwa na hekta 163,600. Kwa hiyo cheti kimoja cha kimataifa kimeshapatikana, hekta moja kwa kila mkazi wa Garissa mjini.

Tatizo ni mlango wenyewe. Siku hizi nchi huruhusiwa kupeleka jina moja tu kwa mwaka, na kamati haipokei zaidi ya 35 kutoka dunia nzima. Mji wa kale wa Gedi ulipenya Julai 2024, huko New Delhi, ukaifikisha Kenya kwenye 8. Mbele ya delta amesimama Mji wa Kale wa Mombasa, anayesubiri tangu 1997. Wajir wana visima vyao vya Orahey, ambavyo wafugaji wamenywesha ngamia kwa vizazi na vizazi, na havimo hata kwenye foleni. Mtu wa Wajir akisoma hapa ajue anayo kazi ya kufanya.

Galbet hatubeti, dini hairuhusu. Lakini ningeulizwa nani atangulie kati ya mitaa ya Mombasa na misitu ya Tana, ningesema Tana, tena ningeomba mstari wa mpaka usogezwe kaskazini kidogo ufike Ijara, wale wa mabasi manane wahesabiwe humo.